Faiba Ikikatika, Fundi Atajuaje Ni Wapi?

Zile nyaya za faiba zinazolazwa mitaroni kando ya barabara zina nyuzi za kioo ndani, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga. Jembe au tingatinga likizikata, mtandao unapotea. Mwaka 2012 nanga ya meli ilikata mkonga wa TEAMS baharini, karibu na Mombasa.

Sasa, nani atafukua kilomita mia akitafuta? Hakuna. Fundi hutuma mwanga kutoka kituoni, na kiasi kidogo hurudi kutoka pale palipokatika. Ndani ya kioo mwanga huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ukirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, umetembea kilomita 200, kwenda na kurudi. Basi achimbe kilomita 100 kutoka kituoni.

Mtandao wenye matawi ni kazi zaidi, maana kuweka chombo cha ulinzi kwa kila kipande ni gharama, hata kwa kampuni kubwa. Hapo yafaa kupanga. Tuseme kuna vipande vitatu na walinzi wawili tu. Wa kwanza apokee mwanga unaopita kipande cha 1 na cha 3. Wa pili, cha 2 na cha 3. Mwanga ukikatika, mlinzi analia. Akilia wa kwanza peke yake, ni cha 1. Wa pili peke yake, ni cha 2. Wakilia wote, ni cha 3. Njia zikipangwa vizuri, walinzi watatu hutosha vipande saba!

Lakini angalieni: vikikatika cha 1 na cha 2 pamoja, wote watalia, na fundi atachimba cha 3 bure.