Ufunguo Mmoja, Milango Mingi

Aliyevuka mpaka wa Busia au Malaba miaka ya nyuma hajasahau foleni mbili: ya Kenya kwanza, kisha ya Uganda. Leo kuna vituo vya pamoja. Kile cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018. Anayekwenda Uganda husimama mara moja tu, ng'ambo, ambako maafisa wa nchi zote mbili humhudumia chini ya paa moja.

Kompyuta nazo zimepitia njia hiyo. Zamani kila programu ilikuwa na orodha yake ya watumiaji, na karani aghalabu aliyaandika maneno yake ya siri daftarini. Dawa ni rejista moja kuu. Karani akibisha hodi, kila programu huiuliza rejista: "Huyu tunamjua?" Akiacha kazi, jina lake hufutwa mahali pamoja na milango yote humfungia.

Mwananchi anaijua huduma kama hiyo: akaunti moja ya eCitizen hufungua maombi ya pasipoti, leseni ya udereva na mengineyo.

Hata hivyo, mlango mmoja ukizibwa, wote hukwama. Ndivyo ilivyokuwa Julai 2023, eCitizen iliposhambuliwa na huduma nyingi zikasimama kwa pamoja.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaziwa fomu katika saiba pale mpakani, andika neno la siri kwa mkono wako mwenyewe, na ufunge akaunti kabla ya kuondoka. Rejista haikujui kwa sura. Atakayelitaja neno lako, kwake ndiye wewe.