Ua wa miti na macho ya watoto wetu

Wengi wenu mnaniuliza: nipande mti gani kuzunguka lupango ili wapita njia wasinione nikiogesha watoto? Hapa Bukavu nyumba zetu ziko kwenye vilima. Anayepita barabara ya juu anaona mpaka ndani ya sufuria. Ukuta wa matofali ni gharama, na matete huoza. Ua wa miti isiyopukutisha majani hubaki wa kijani hata wakati wa kiangazi.

Wengi hukimbilia mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani ambao wenzetu wasemao Kinyarwanda huuita umuyenzi. Hata mimi niliupanda. Unashika haraka, mbuzi hawauli, hauombi maji. Lakini ukivunjika unatoa maziwa meupe, na maziwa hayo ni hatari kwa macho. Mtoto wangu wa pili, akiwa na miaka sita, alivunja kijiti akicheza, kisha akajifuta uso. Akalia kwa uchungu mkubwa. Jirani alitaka kumtilia maziwa ya mama jichoni, nilikataa. Nikamwagia maji safi robo saa nzima, tukakimbia kituo cha afya. Siku mbili hakuona vizuri. Alipona, namshukuru Mungu. Bwana wangu aling'oa ua wote, amevaa miwani ya pikipiki, nasi tukamcheka.

Ua wetu wa sasa ni wa ibisikusi, ile yenye maua makubwa mekundu, na upande wa jikoni tumeweka mubirizi. Majani ya mubirizi ni machungu, lakini kila mama anajua kazi yake. Sipre nayo inapendeza, ila ukiikata mpaka kwenye tawi lisilo na majani haichipuki tena, na maharagi yaliyo karibu nayo hudhoofu.

Kabla ya kuchimba, mwite jirani, mkubaliane mpaka mbele ya shefu wa avenyu. Rudi ndani nusu meta, ili siku ya kukata usilazimike kuingia kwake. Ngojea mvua ya mwezi wa tisa ishike. Kata vipande vya ibisikusi vyenye unene wa kalamu na urefu wa rula ya wanafunzi, ondoa majani ya chini, zika nusu. Fanya mistari miwili, sentimita 30 toka kipande mpaka kipande, mstari wa pili uzibe nafasi za wa kwanza. Tia samadi iliyooza.

Kosa letu ni kungojea ua urefuke ndipo tukate. Miche ikifika magotini, kata ncha zake. Inauma kukata kitu ulichongojea, najua, lakini bila hivyo inapanda juu tu, chini inabaki wazi, na kuku wote wa avenyu wanapita. Wangu ulichukua misimu miwili ya mvua kunifunika nikisimama. Wakati huo nilitundika vitenge vya zamani kwenye kamba.

Aliye na mnyaa tayari asiukate watoto wakiwa karibu. Avae mikono mirefu, alinde macho, anawe kwa sabuni kabla ya kugusa uso, na matawi asiyapeleke jikoni kuwa kuni. Vipande vya ibisikusi ninavyo. Anayetaka apite kwangu Jumamosi na kisu chake.