Fahamu: Njia tatu za kutoka kwenye madeni Uingereza

Matangazo mtandaoni huahidi "mpango wa serikali" unaofuta sehemu kubwa ya madeni. Huko England na Wales, mara nyingi kinachonadiwa ni IVA: makubaliano ya kuwalipa wadai kila mwezi kwa miaka 5 au 6, chini ya msimamizi anayekata ada yake humo humo. Yakivunjika, wadai wanaweza kurudi kudai.

Amri ya nafuu ya madeni, DRO, haitajwi sana. Tangu Aprili 2024 haina ada. Humfaa mwenye madeni yasiyozidi pauni 50,000, mali kidogo, na kipato kinachobaki baada ya matumizi ya lazima kisichozidi pauni 75 kwa mwezi. Baada ya miezi 12, madeni yaliyomo hufutwa.

Kufilisika huombwa kwa pauni 680 na kwa kawaida huisha baada ya mwaka, lakini nyumba inaweza kuuzwa.

Kwa nini IVA ndiyo iliyopigiwa debe? Kamisheni. Kampuni za kutafuta wateja zililipwa kwa kila mdaiwa ziliyempeleka, jambo lililowaumiza wanyonge, hadi FCA, mamlaka inayosimamia huduma za fedha, ilipoyapiga marufuku malipo hayo Oktoba 2023. Ushauri wa bure hupatikana kwa mashirika ya StepChange na Citizens Advice, kabla ya kutia saini popote.