Michezo Myepesi katika Mitandao ya Kijamii: Biashara Iliyolimwa katika Ardhi ya Mwingine

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi michezo myepesi ya kompyuta, yaani michezo isiyodai ufundi mkubwa wala muda mrefu, ilivyogeuzwa kuwa biashara kubwa ndani ya mitandao ya kijamii. Mfano utakaochunguzwa ni FarmVille, mchezo wa kampuni ya Zynga ya San Francisco, Marekani. Historia yake katika mtandao wa Facebook imekwisha, hivyo yaweza kutazamwa tangu mwanzo hadi mwisho. Swali la msingi ni hili: ikiwa mchezo hutolewa bure, fedha hutoka wapi, na ni nani hasa mwenye mavuno?

2. Chanzo chake

Mnamo Mei 2007 Facebook iliwaruhusu watungaji wa programu kutoka nje kuweka kazi zao ndani ya kurasa zake. Mwaka huohuo Mark Pincus na wenzake walianzisha Zynga, ambayo ilianza na mchezo wa karata. Juni 2009 ulitokea FarmVille. Mchezaji alipewa kipande cha shamba. Alilima, akapanda, akangoja, kisha akavuna na kupata sarafu za mchezo za kununulia mbegu nyingine. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani mchezo wa Happy Farm ulikuwa umekwisha kuenea nchini China. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2010 FarmVille ulihesabiwa kuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi.

3. Namna faida ilivyopatikana

Faida hiyo ilisimama juu ya nguzo tatu. Ya kwanza ni muda. Kila zao lilikuwa na saa zake za kukomaa, na lililochelewa kuvunwa lilinyauka. Mchezaji alilazimika kurudi, si kwa raha tu, bali pia kwa hofu ya kupoteza alichokwisha kukifanyia kazi.

Ya pili ni urafiki. Shamba lilipanuka upesi zaidi kwa mtu mwenye majirani, na majirani hao walikuwa marafiki zake wa Facebook. Aliwapelekea zawadi, akawaomba msaada, nao wakafanya vivyo hivyo. Katika maisha ya kawaida zawadi hujenga ujamaa. Hapa kila zawadi ilikuwa pia tangazo, na kila mchezaji mpiga mbiu asiyelipwa mshahara.

Ya tatu ni bidhaa za kidhahania, zisizoshikika kwa mkono. Asiyetaka kungoja, au aliyetamani pambo la nadra, alilipa fedha halisi. Walionunua walikuwa wachache: katika hati zake za mwaka 2011 Zynga yenyewe ilieleza kwamba karibu mapato yote ya michezo yake yalitoka kwa sehemu ndogo ya wachezaji. Haifai kudhani kwamba wengi waliobaki hawakuwa na thamani. Bila umati huo, yule mnunuzi asingekuwa na jirani wa kumsaidia wala mtazamaji wa kumwonyesha shamba lake zuri.

Mapato ya Zynga yalikuwa karibu dola milioni 597 mwaka 2010, yakapita dola bilioni 1.1 mwaka 2011. Desemba 2011 kampuni iliuza hisa zake hadharani kwa dola 10 kila moja, ikakusanya karibu dola bilioni moja.

4. Mwenye ardhi na mpangaji

Ikumbukwe kwamba shamba hilo lote lilikuwa katika ardhi ya Facebook. Mwaka 2010 Facebook ilipunguza taarifa ambazo michezo iliweza kuwapelekea watu, na hivyo njia ya kupata wachezaji bila gharama ikawa nyembamba. Tangu Julai 2011 michezo ililazimika kutumia sarafu ya Facebook yenyewe, iliyojikatia asilimia 30 ya kila malipo. Ni kweli kwamba mwenye ardhi naye alimhitaji mpangaji wake: asilimia 12 ya mapato ya Facebook ya mwaka 2011 ilitokana na Zynga. Lakini mmoja aliweza kubadili sheria, na mwingine kutii tu au kuhama.

Wakati huo watu walianza kuhamia michezo ya simu. Machi 2012 Zynga ilinunua kampuni ya OMGPOP, yenye mchezo wa Draw Something, kwa karibu dola milioni 180. Wachezaji wa mchezo huo wakapungua upesi. Mwisho wa 2012 hisa iliyouzwa dola 10 ilikuwa chini ya dola 3. Juni 2013 wafanyakazi 520 waliachishwa kazi, na ofisi za OMGPOP zikafungwa. FarmVille ulizimwa Desemba 31, 2020, kwa kuwa programu ya Flash, iliyouendesha, ilikuwa ikiondolewa katika Facebook. Zynga yenyewe ilidumu kwa kuhamia kwenye simu, hadi iliponunuliwa na Take-Two Mei 2022. Hata huko, maduka ya programu ni ya Apple na Google, nayo hujikatia fungu lake.

5. Hitimisho

Mwanafunzi wa lugha atatambua kwamba biashara hii iliazima maneno mazito ya maisha ya watu: shamba, jirani, zawadi, mavuno. Neno mali, hata hivyo, halikustahili kutumika. Kilichonunuliwa na mchezaji hakikuweza kurithishwa wala kuhamishiwa kwingine. Kilikuwa ruhusa ya kutumia tu, nayo ilikoma siku mchezo ulipozimwa. Zynga nayo ilikuwa katika hali isiyo mbali na hiyo mbele ya Facebook. Waswahili husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Yeyote anayekusudia kutunga programu ndani ya mtandao wa mwingine yampasa kuuliza mapema ni nani awezaye kubadili kodi, na atakwenda wapi siku itakapobadilishwa.