Mji Wenye Ukungu na Dhamiri Iliyofichwa: Tunajifunza Nini Katika Mchezo wa Silent Hill 2?

Mzazi anayemwona kijana wake mbele ya kioo cha kompyuta, akimwongoza mtu mpweke katika mji uliofunikwa na ukungu, huku redio ikikoroma na viumbe vya ajabu vikijitokeza gizani, hujiuliza maswali mawili. Mchezo huu ni wa namna gani? Na una nini ndani yake hata ukamvuta kijana kiasi hiki? Katika makala haya tunapenda kuyajibu maswali hayo kwa kuutazama mchezo mmoja unaojulikana sana katika aina hii, yaani Silent Hill 2. Tumeuchagua kwa sababu kiini chake ni dhamiri ya mtu aliyetenda uovu mkubwa na asiyetaka kuukumbuka. Ili kulieleza jambo hilo itatupasa kuifichua siri ya hadithi yake.

Mchezo huu ulitolewa mwaka 2001 na kampuni ya Konami ya Japani kwa ajili ya mashine ya PlayStation 2. Ulitengenezwa na kundi lililoitwa Team Silent, na muziki wake ulitungwa na Akira Yamaoka. Mwaka 2024 kampuni ya Bloober Team ya Poland iliutengeneza upya, na hivyo ukawafikia vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ulipotoka mara ya kwanza. Huitwa mchezo wa kutisha kisaikolojia kwa sababu hofu yake haitegemei hasa kumshtua mchezaji ghafla. Hujengwa polepole akilini mwake, kwa ukimya, kwa sauti zisizojulikana zinakotoka, na kwa wasiwasi kwamba yule anayemwongoza anaficha jambo fulani.

Hadithi inaanza na barua. Mwanamume aitwaye James Sunderland anapokea barua yenye jina la mkewe, Mary, ikimwambia kwamba anamngoja Silent Hill, mji wa kubuniwa ulioko Marekani kando ya ziwa, ambako wawili hao waliwahi kupumzika pamoja. James anaamini kwamba Mary alifariki kwa ugonjwa miaka mitatu iliyopita. Hata hivyo anafunga safari kumtafuta.

Mapigano yapo, lakini sehemu kubwa ya mchezo ni kutembea, kupekua na kufikiri. Mchezaji anaingia katika nyumba za kupanga zilizoachwa, hospitali, gereza na hoteli, akiwa na tochi na redio ndogo ambayo hukoroma kila zimwi linapokaribia. Milango mingi imefungwa, na James huitia alama kwenye ramani yake ili ajue asikoweza kupita. Ili kusonga mbele lazima afumbue mafumbo: kusoma maandishi ya ukutani, kutafuta vitu vilivyotawanyika, kupanga sarafu mahali pake kwa kufuata shairi. Watengenezaji walimruhusu mchezaji achague ugumu wa mafumbo peke yake na ugumu wa mapigano peke yake, ishara kwamba walihesabu kufikiri kuwa sawa na kupigana. Fumbo mojawapo linamweka mchezaji mbele ya watu sita walionyongwa, kila mmoja na kosa alilotuhumiwa. Kwa kusoma habari zao, anatakiwa kumtambua yupi hakuwa na hatia. Katika mchezo huu hata ufunguo wa mlango hupatikana kwa njia ya hukumu.

Njiani James anakutana na watu wengine. Angela ni msichana aliyedhulumiwa vibaya na baba yake mzazi. Eddie amedhihakiwa maisha yake yote mpaka dhihaka hizo zikazaa ukatili ndani yake. Kadiri hadithi inavyoendelea tunatambua kwamba kila mmoja anauona mji kwa kadiri ya mzigo aliobeba moyoni. Angela anapopanda ngazi zinazowaka moto, anamwambia James kwamba kwake yeye moto huo upo siku zote. Lakini Laura, msichana mdogo wa miaka minane, anatembea kote bila kudhuriwa wala kuona zimwi lolote. Mtoto asiye na hatia anauona mji wa kawaida uliohamwa na watu wake.

Hatimaye, katika chumba namba 312 cha hoteli, James anatazama mkanda wa video na ukweli unadhihirika. Mary hakufa kwa ugonjwa. James mwenyewe ndiye aliyemwua kitandani mwake, baada ya kuuguza kwa muda mrefu kulikomchosha na kumjaza uchungu. Hapo tunaelewa pia kuhusu lile jitu lenye kichwa kikubwa cha chuma, ambalo wachezaji hulijua kwa jina la Pyramid Head na ambalo limekuwa likimwandama tangu mwanzo. James anakiri kwamba alikuwa dhaifu na alitamani awepo wa kumwadhibu. Anapoukubali ukweli, jitu hilo halina kazi tena.

Jinsi hadithi inavyomalizika hutegemea mwenendo wa mchezaji. Mchezo hauulizi swali waziwazi, bali huhesabu matendo madogo. Je, mchezaji aliyatibu majeraha ya James au aliyapuuza? Je, aliitazama tena picha ya mkewe? Je, alikitazama mara kwa mara kisu alichopokea kwa Angela? Kwa kadiri ya matendo hayo, James anaweza kuondoka mjini na kuanza maisha mapya, au kukata tamaa na kujitoa uhai.

Wapendwa waamini, kuna ukweli katika simulizi hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulifundisha kwamba dhamiri ni patakatifu pa ndani ambapo mtu hukaa peke yake na Mungu wake. Mtu anaweza kuufunga mlango huo na kuitia alama ramani yake asipite tena hapo, lakini kilichofungiwa ndani hakifi. Mwandishi wa Zaburi ya 32 naye alijua kwamba dhambi inayonyamaziwa humdhoofisha mtu mpaka mifupani.

Hata hivyo, tunapaswa kutofautisha toba na kujiadhibu. Petro na Yuda wote wawili walimsaliti Bwana, na wote wawili walijuta. Petro alilia na akabaki mahali ambapo angeweza kupatikana; Yuda aligeuka kuwa hakimu wa nafsi yake na hakungoja kusamehewa. James anatembea kati ya njia hizo mbili. Anapopata mwisho ulio mwema, ni kwa sababu amemweleza mkewe, katika maono ya kitandani, ukweli wote pamoja na uchungu wake mwenyewe. Mchezo umetambua kwamba hatia huhitaji kutamkwa na kusikilizwa. Sisi tunayo zawadi ambayo mji ule hauna: Sakramenti ya Upatanisho, ambamo mwenye kutubu husikia kwa sauti ya kibinadamu kwamba amesamehewa na Mungu.

Tusimpite pia Mary kitandani mwake. Kumwua mgonjwa hakuwezi kuhalalishwa na uchovu wala huruma, na hati Samaritanus bonus ya mwaka 2020 imelirudia fundisho hilo. Lakini hati hiyo inatukumbusha vilevile wajibu wa kumsindikiza mgonjwa pamoja na familia yake. James aliuguza peke yake. Mchungu aliokuwa nao haukusikilizwa na mtu, mpaka ukawa uovu. Anayeuguza mzazi au mwenzi wake kwa miaka anahitaji jirani wa kumpokea zamu, chakula kilichopikwa na mwingine, na sikio ambalo halitashtuka akisema kwamba amechoka.

Kwa wazazi, neno letu ni hili. Katika mfumo wa Ulaya wa kupanga umri, mchezo huu umewekwa katika daraja la miaka 18 na kuendelea, na kwa haki. Una mauaji, unagusa ukatili wa kijinsia na unaonesha mtu kujiua. Haumfai mtoto, hata kama anatazama tu wengine wakiucheza kwenye simu. Anayepambana na mawazo ya kujidhuru asiucheze; amtafute kwanza padre, daktari au mtu anayemwamini, azungumze naye. Na ikiwa kijana wako mkubwa ameshaucheza, usianze kwa kumkaripia. Keti naye, umwulize James angepaswa kufanya nini siku ile alipohisi kwamba hawezi tena kuuguza, na nani angepaswa kubisha hodi nyumbani kwake.