Zawadi ya Baba Isiyoumiza Mfuko

Jumapili ya tatu ya mwezi wa Juni, nchi nyingi huadhimisha Siku ya Kina Baba, na kila ikikaribia vijana huniuliza: nimpe nini babangu na pesa hazipo? Wapo wanaoifuata siku hiyo na wapo wasioitambua. Kwangu mimi, baba hangojewi tarehe. Mtume (S.A.W.) ametufunza kupeana zawadi ili mapenzi yazidi, na hakututajia mwezi.

Taabu ya baba zetu wa Pwani ni kuwa hawasemi. Mama akitaka leso utajua, na jina la leso atakutajia. Baba ukimuuliza atakujibu, "Mimi sina haja, watizame wanao." Basi usimuulize, mtizame. Zawadi nzuri ya bei nafuu ni ile inayochukua pahali pa kitu kilichochakaa naye amenyamaza.

Anza na kikoi anachojifunga nyumbani. Kama kimepauka na pindo limefumuka, zunguka Biashara Street hapa Mombasa ulinganishe bei kabla hujatoa pesa. Kikoi hakina jina kama leso, kwa hivyo maneno mazuri itabidi uyaseme kwa mdomo wako.

Kofia ya kushonwa kwa mkono huchukua miezi, na bei yake si ya kila mtu. Lakini ile aliyonayo yaweza kufuliwa vizuri, ikatiwa wanga na kunyooshwa, akaivaa Ijumaa kama mpya. Gharama yake ni ndogo mno.

Makubadhi nayo hayataki makuu. Chora kiatu chake cha zamani kwenye karatasi umpelekee fundi. Kama baba ana sukari, hakikisha hayamkwaruzi, kwani kidonda cha mguu kwa mwenye sukari huchelewa kupona.

Ukimuona anausogeza msahafu mbali ndipo asome, hiyo ni ishara. Mtu akishapita miaka 40, kuona vitu vya karibu huanza kuwa kazi. Mpeleke akapimwe macho kwanza, kisha umnunulie miwani ya kusomea. Ukiweza, ongeza msahafu wa maandishi makubwa.

Hadhari moja: dhahabu na hariri ni haramu kwa wanaume wetu. Ukitaka kumpa pete, iwe ya fedha.

Zawadi ninayoipendekeza zaidi haifungwi kwa karatasi. Baba wengi hapa ni wavuvi, wachuuzi au mafundi, hawana mshahara wa kukatwa. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua pahali pa NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, haushuki chini ya Sh300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi hutakiwa kulipa wa mwaka mzima. Kwa mwenye kiwango cha chini kabisa, hiyo ni Sh3,600. Mkiwa ndugu wanne, ni Sh900 kila mmoja. Haimalizi kila gharama ya hospitali, lakini ni afadhali kuliko baba kulazwa usiku na sisi kuanza kuchangishana kwenye grupu la WhatsApp. Mwangalie kwanza kama amesajiliwa, kisha mlipieni.

Na kama ulichonacho ni pesa kidogo tu za kutuma kwa simu, tuma na ya kutolea. Si heshima baba apewe zawadi kisha akatwe.

Namna ya kutoa pia ina adabu zake. Usimpe mbele za watu ukamfanya aone haya, wala usikimbilie kupiga picha. Mbusu mkono, mkabidhi, kisha ukae naye mnywe kahawa. Wengi wetu hupita nyumbani kwa wazee wetu mbio mbio, na huko kukaa ndiko anakokungoja.

Ama aliyefiwa na babake, mlango haujafungwa. Muombee dua, umtolee sadaka. Tena dini yetu inahesabu kuwa ni wema kwa baba kuwaunga marafiki zake baada yake. Pale barazani alipokuwa akikaa, huenda rafiki yake mmoja bado yupo. Mpelekee tende, umwambie wewe ni mtoto wa nani.