Malezi ya Mtoto wa Sungura kwa Mwanachama Anayeanza Kufuga



Mkaguzi anapozuru vyama vya msingi huulizwa mambo mengi yasiyohusu vitabu vya fedha. Katika Kata ya Misunkumilo, hapa Manispaa ya Mpanda, swali linalorudiwa ni hili: mzazi amemnunulia mwanawe sungura mdogo wa kufuga, mnyama amefika nyumbani akiwa mchangamfu, na baada ya siku tano au sita amekufa. Mtoto analia, mzazi anadhani amerogwa au ameuziwa mgonjwa. Aghalabu sababu ni mbili zinazofuatana: sungura aliachishwa ziwa kabla ya wakati, kisha akabadilishiwa chakula kwa ghafla. Yote mawili huweza kuepukwa, na wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza hapana budi tutenganishe wanyama wawili ambao lugha yetu imewapa jina moja. Sungura wa porini, yule wa ngano zetu, huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka, naye huwaacha katika majani juu ya ardhi. Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya, pande za Hispania na Ureno; watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya kiota ambacho mama amekitandika kwa manyoya aliyojing'oa mwilini. Tofauti hii inatuhusu sana, kwa kuwa wakati wa kufyeka mashamba vijana huokota vitoto vya sungura wa porini na kuvileta nyumbani wakidhani vimetupwa. Havikutupwa. Mama yao hukaa mbali mchana ili adui asigundue vilipo, naye hurudi baada ya jua kutua kuvinyonyesha. Kitoto cha namna hiyo kirudishwe palepale, siku ileile. Kikifungiwa ndani mara nyingi hufa, na zaidi ya hayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuweka mnyama wa porini nyumbani bila kibali.

Sasa tumrudie wa kufugwa. Mama hunyonyesha mara moja, pengine mara mbili, kwa siku, na kila mara kwa dakika chache tu. Kwa hiyo mfugaji mgeni asihangaike akiona mama hakai kiotani. Macho ya watoto hufumbuka yapata siku ya 10 hadi ya 12. Katika juma la tatu huanza kutoka na kutafuna majani, na hapo ndipo muuzaji mwenye haraka huwapeleka sokoni, maana wanapendeza na wanaonekana wanakula. Lakini huko ni kuonja tu. Asidi ya tumbo la mtoto bado ni dhaifu, na maziwa ya mama ndiyo yanayozuia vijidudu visistawi humo. Ukimwondolea maziwa kabla tumbo halijapata nguvu zake, vijidudu huongezeka, tumbo hujaa gesi, kuhara huanza, na kifo huweza kufika kwa siku moja au mbili. Majuma 6 yasipotimia, usimchukue; majuma 8 ni bora zaidi. Mnunuzi aombe kumwona mama na aulize tarehe ya kuzaa. Muuzaji asiyeijua tarehe hiyo aachwe na sungura wake.

Ikiwa umekwisha kuuziwa mdogo mno, mrudishe kwa mama yake. Ikiwa mama amekufa, mtafutie sungura jike mwingine mwenye watoto wa rika hilo. Maziwa ya ng'ombe hayamfai. Ya mbuzi yana afadhali, lakini anyweshwe ya vuguvugu, tone kwa tone, akiwa ameketi wima, yasije yakaingia mapafuni.

Juu ya chakula kuna kanuni moja inayozidi nyingine zote: kila badiliko lifanywe polepole. Umwombe muuzaji akupe chakula alichozoea mnyama, cha kutosha juma moja, nawe uchanganye chakula chako kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Msingi wa mlo uwe majani makavu, yaani nyasi zilizokatwa na kuanikwa kivulini mpaka zikanukia vizuri. Nyasi hizo ziwepo usiku na mchana, kwa kuwa utumbo wa sungura hauna budi kuwa na kazi wakati wote. Asiyekula kwa siku nzima yu hatarini. Matembele na majani ya kunde hufaa yakizoeshwa kwa kiasi kidogo, yakiwa yamenyauka, bila umande. Pumba za mahindi zisizidi konzi ndogo, na zenye ukungu zitupwe. Maji safi yawepo daima katika chungu kizito asichoweza kukipindua. Mfugaji akimwona sungura anakula kinyesi chake laini moja kwa moja kutoka mwilini, asimkataze: ndivyo anavyopata virutubishi ambavyo havikusagwa mara ya kwanza.

Kwetu sisi tulio katika nchi ya tumbaku kuna hatari ya pekee. Jani la tumbaku ni sumu kwa sungura. Ni sumu vilevile majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya mparachichi na ya mbarika. Majani ya kisamvu yana sumu ya asili, kwa hiyo anayeanza ayaache kabisa. Nyasi zisikatwe kandokando ya vitalu au matuta yaliyopigwa dawa, na anayetoka kuchuma tumbaku anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula cha mnyama. Mfuko wa mbolea usitumiwe kama tandiko, hata ukifuliwa, maana sungura hutafuna kila kitu. Banda lisijengwe karibu na bani, kwa ajili ya moshi na joto.

Joto hasa ndilo huwashinda wengi. Sungura huvumilia baridi kuliko jua, na ile miezi ya Septemba na Oktoba ni mizito kwake. Banda liwe chini ya mti, limeinuliwa kutoka ardhini kiasi cha mita moja, lipitishe hewa bila kupigwa na mvua. Miguu ya banda isimamishwe katika makopo yenye oili chafu. Bila hivyo siafu wanaweza kummaliza kwa usiku mmoja. Sakafu ya wavu iwekwe kipande cha ubao cha kupumzikia. Tandiko lililolowa liondolewe kila siku, kwani vimelea vya koksidia, vinavyoua wadogo kwa kuhara, hupenda unyevu na kinyesi.

Mtoto wa nyumbani afundishwe kumshika. Masikio si mpini. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, mwingine ubebe makalio, naye akae karibu na tumbo la mshikaji. Akining'inia na kurusha teke anaweza kuvunjika uti wa mgongo. Siku tatu za kwanza aachwe azoee makazi. Asiogeshwe.

Akiharisha, akivimba tumbo au akiacha kula, aitwe afisa mifugo siku hiyohiyo. Nimekuta desturi ya kufungua vidonge vya binadamu na kuwapa wanyama. Amoksilini ikitiwa kinywani mwa sungura huua vijidudu vyema vya utumbo wake, naye hufa kwa dawa.

Wakinunuliwa wawili, dume na jike, watenganishwe wafikapo miezi mitatu, ama sivyo watazaa kabla miili haijakomaa. Mimba ni siku 31 tu.

Mwisho ni neno kwa Makatibu. Sungura aliyenunuliwa kwa fedha za chama, hata kama analelewa nyumbani kwa mwanachama, ni mali ya chama. Tarehe ya kumnunua, bei, idadi ya wanaozaliwa na ya wanaokufa viandikwe katika rejesta. Mkaguzi atakapofika ataiomba, kama anavyoomba daftari la pembejeo.